Mpimeni akiwa amesimama

Niseme msimamo wangu mapema. Mwanamke mwenye maumivu ya chini ya kitovu yaliyopita miezi sita, aliyekwisha kuzaa zaidi ya mara moja, ambaye maumivu humzidi jioni na kumpungua akijilaza, hapaswi kuandikiwa dozi nyingine ya antibayotiki, wala kutolewa kizazi, kabla mishipa ya nyonga yake haijapimwa akiwa amesimama. Nawaandikia hasa watu wa ukanda wetu wa kaskazini, pwani ya Tanga, kuanzia Jasini na Moa kule mpakani na Kenya hadi Pangani, kwa sababu kazi za wanawake wa pwani hii huuchochea ugonjwa ninaouzungumzia, na mazoea yetu ya tiba huuficha.

Ugonjwa wenyewe ni kupanuka kwa vena za nyonga, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ovari na kizazi kwenda moyoni. Damu inayotakiwa kupanda hushuka, hutuama, na kuta za mishipa huvutika. Kule kuvutika ndiko kunakouma. Hakuna usaha ndani yake, hakuna kidonda, na haugeuki kuwa saratani. Lakini humnyima mwanamke kazi, usingizi na ndoa yake kwa miaka, huku kila kipimo anachopewa kikimwambia kwamba hana kitu.

Ili kuelewa kwa nini damu hushuka, tuangalie njia yake. Vena ya ovari ya kulia humwaga damu moja kwa moja kwenye vena kuu ya tumboni. Ya kushoto ni ndefu zaidi, nayo huingia kwanza kwenye vena ya figo, tena kwa pembe mraba. Damu ya kushoto kwa hiyo hupanda safari ndefu dhidi ya mvuto wa ardhi na kukutana na shinikizo la figo huko juu. Kinachoizuia isirudi ni vali, vikope vidogo vilivyomo ndani ya mshipa. Aliyewahi kuliona dema ameshaona namna vali inavyofanya kazi: samaki huingia mdomoni bila taabu, lakini mdomo huohuo haumruhusu kutoka. Damu ikishapita vali inapaswa isirudi nyuma.

Sasa, wapo wanawake wanaozaliwa bila vali kwenye sehemu ya juu ya mshipa huo. Uchunguzi wa anatomia uliofanywa miaka ya 1960 ulikuta vali hazipo kwa takriban wanawake 15 katika kila 100 upande wa kushoto, na 6 katika kila 100 upande wa kulia. Wengine wanazo, ila ujauzito huziharibu. Mwanamke akishika mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida. Vena za ovari hutanuka kupokea mzigo huo, na vitabu vya tiba hutaja kwamba zinaweza kubeba hadi mara 60 ya kiasi zilichokuwa zikibeba. Mshipa ukitanuka hivyo, vikope vya vali havifikiani tena. Baada ya kujifungua mishipa ya wengi hujirudi katika miezi michache. Ya wengine hubaki legelege, na mimba ya pili, ya tatu, ya nne huikuta tayari imeshapanuka. Homoni ya estrojeni nayo hulegeza kuta za vena, ndiyo maana huu ni ugonjwa wa umri wa kuzaa, na kwa kawaida hupoa hedhi ikishakoma.

Wapo wachache ambao vali si tatizo lao. Vena yao imebanwa: ama ya figo ya kushoto imebanwa kati ya aota na ateri ya utumbo, ama ya nyonga ya kushoto imelaliwa na ateri ya kulia inayopita juu yake, hali iliyoelezwa na May na Thurner mwaka 1957. Hao wanahitaji tiba tofauti, na ni kazi ya hospitali kubwa kuwatambua.

Mwanamume naye ana vena ya namna hiyohiyo. Ya korodani ya kushoto hupita njia ileile hadi kwenye vena ya figo, na ikizidiwa, mishipa ya korodani huvimba. Kila daktari mpasuaji anaujua ugonjwa huo, kwa sababu unaonekana na kushikika kwa mkono. Mvuvi anayesumbuliwa hulalamika leo, hufanyiwa upasuaji baada ya muda na kurudi baharini. Dada yake, mwenye ugonjwa uleule katika mshipa uleule, anaambiwa akapime tena mkojo. Tofauti hii inaniudhi. Haitokani na ugumu wa ugonjwa. Inatokana na kwamba wake umefichika ndani, na kwamba maumivu ya tumbo la mwanamke tumeyazoea mno.

Hebu nieleze jinsi ugonjwa huu unavyojitokeza kwa mwanamke, kwa sababu historia ya mgonjwa ndiyo kipimo cha kwanza na hakina gharama. Mama mmoja wa Moa, mwenye watoto wanne, alikuja akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa vyeti: majibu ya mkojo, picha za ultrasaundi zilizofifia, na karatasi za dawa za maduka mbalimbali.

“Shikamoo daktari.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Hayo maumivu huanza saa ngapi?”

“Asubuhi sina neno. Maji yakitoka nashuka na wenzangu, narudi mchana. Ikifika alasiri ni uzito, kama kitu kinataka kudondoka. Nikijilaza nikaweka miguu juu ya mto, kunatulia.”

“Na ukikutana na baba watoto?”

Akautazama mlango kwanza. “Si palepale. Ni baadaye. Hata kesho yake bado kunauma.”

Katika majibu hayo machache ugonjwa umeshajieleza. Maumivu mazito, ya kuvuta, yanayoongezeka kadiri siku inavyokwenda, yanayozidi siku za kukaribia hedhi, yanayotulia kwa kulala, na yanayobaki kwa saa nyingi baada ya tendo la ndoa. Mwaka 1984 Beard na wenzake huko London walichapisha katika jarida la Lancet picha za vena za wanawake waliokuwa na maumivu ya nyonga yasiyojulikana chanzo, na kuonyesha kwamba wengi wao vena zilikuwa pana na damu ilikuwa ikikawia kutoka. Miaka minne baadaye kundi hilo lilieleza kwamba mwanamke akiwa na maumivu yanayobaki baada ya tendo, na pia akiumia anapobonyezwa mahali ilipo ovari, kwenye mstari wa kutoka kitovuni hadi mfupa wa nyonga, basi dalili hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zimewakamata wagonjwa 94 katika kila 100. Swali moja na ncha ya kidole. Hakuna zahanati isiyokuwa na vitu hivyo viwili.

Yule mama aliniambia na jambo lingine, nami nalitaja kwa sababu ndilo lililowapoteza watu wa nyumbani kwake. Maumivu yake yalifuata bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ndipo yalipomzidi. Siku za maji mafu alikuwa afadhali. Mama mkwe wake alikuwa amehesabu vizuri kabisa, na hesabu hiyo ikampeleka kwenye jini wa baharini. Lakini bamvua ndiyo siku maji yanapotoka mbali, wanawake wakashuka kuchokoa pweza, kuokota chaza na kome, na wenye mashamba ya mwani kufunga na kuvuna. Siku hizo mwanamke husimama kwa muda wa saa nne au tano, ameinama, ameukaza mgongo na tumbo, kisha hupanda pwani na ndoo kichwani. Mishipa yenye vali mbovu hujaa damu saa zote hizo. Maji mafu yakija anashinda nyumbani, anakaa, anajilaza, mishipa inapumua. Mwezi umepanga ratiba ya kazi, na kazi ndiyo iliyoleta maumivu. Naomba wenzangu wa zahanati za wilaya ya Mkinga wawaulize wagonjwa wao swali hilo la bamvua. Sijui kitabu kinachouliza hivyo, lakini pwani yetu inalihitaji.

Yanayosemwa, na kwa nini si hivyo

Neno la kwanza analolisikia mgonjwa ni PID, yaani maambukizi ya nyonga, au UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Hapo hupewa doksisaiklini na metronidazo, mwezi unaofuata siprofloksasini, mwezi mwingine sindano za seftriaksoni. Maambukizi ya nyonga yapo, na ni hatari yasipotibiwa. Lakini yana sura yake: homa, uchafu wenye harufu, maumivu yasiyojali kama umelala au umesimama, na mgonjwa kuumia sana daktari anapousogeza mlango wa kizazi. Mwanamke asiye na dalili hizo, ambaye mkojo wake ni safi, hana sababu ya kumezeshwa kozi ya tano. Tunapompa, hatumsaidii, na bakteria wa mwilini mwake wanajifunza kuzishinda dawa ambazo siku moja atazihitaji kweli.

Neno la pili ni chango. Sina haja ya kuwabeza bibi zetu. Wao ndio waliogundua, kabla ya daktari yeyote, kwamba kuna maumivu ya wanawake yanayoanza baada ya kuzaa, yanayozidi kabla ya hedhi na yasiyoonekana kwa macho. Walichokosa ni njia ya kutazama ndani. Ninachokipinga ni kumwekea mwanamke dawa ukeni, au kumnywesha mizizi kwa wiki nyingi bila kujua inafanya nini kwa ini na figo. Kumkanda maji ya moto mgongoni hakumdhuru. Kumwambia kwamba chango ndilo linalomzuia kuzaa, wakati hajapimwa yeye wala mumewe, kunamdhuru.

La tatu ni jini mahaba. Mwanamke anayeumwa hadi kesho yake baada ya kukutana na mumewe ataanza kukwepa. Atasema amechoka, atalala chumba cha watoto. Mume ataona amekataliwa, na ndugu watasema ana mume mwingine asiyeonekana. Nimeona ndoa zikiyumba kwa jambo hili. Kwa hiyo mimi humwomba mgonjwa, akiridhia, aje na mumewe mara moja. Nikishamchorea mshipa kwenye karatasi na kumweleza kwamba damu hujaa wakati wa tendo na huchelewa kutoka, wanaume wengi hubadilika usoni. Asiombwe mke uvumilivu peke yake.

La nne linatoka kwetu sisi wahudumu: ultrasaundi haikuonyesha kitu. Haikuonyesha kwa sababu mgonjwa alipimwa asubuhi, amelala chali, baada ya kupumzika kwenye benchi. Vena ni laini. Mgonjwa akilala hunywea. Hata upasuaji wa kuchungulia kwa kamera huzikosa, kwa kuwa kitanda huinamishwa kichwa kikawa chini, na gesi inayojazwa tumboni huzibana. Tumemweka mgonjwa katika mkao unaomponya, kisha tukaandika kwamba hana ugonjwa.

Kuna na kosa la upande wa pili, na nisilifiche. Kuona vena pana hakutoshi kusema ndiyo sababu ya maumivu. Mwaka 2002 watafiti walitoa taarifa za wanawake 273 wenye afya waliokuwa wakichunguzwa ili watoe figo, na karibu mmoja kati ya kumi alikutwa na vena za ovari zilizopanuka. Baadhi yao walikuwa na maumivu. Wengine hawakuwa na habari kabisa. Kwa hiyo daktari anayeziba kila mshipa mpana anaoukuta naye anakosea. Dalili na picha ziende pamoja. Na yale magonjwa mengine yaulizwe kwanza: hedhi inayouma kupita kiasi tangu usichana, inayoelekeza kwenye endometriosisi, fibroidi, kifua kikuu cha njia ya uzazi, mawe ya figo, maumivu ya misuli na mgongo. Kwetu Tanga kichocho kisisahauliwe, hasa kwa waliokulia karibu na mito na madimbwi ya maji baridi, kwa sababu minyoo wake huishi ndani ya vena zilizo kando ya kibofu na mayai yake hujeruhi kibofu na njia ya uzazi. Wengine wakisikia “mshipa umevimba” hushtuka wakidhani ni matende au mabusha, magonjwa ambayo pwani hii inayafahamu sana. Hayo ni ya mirija ya limfu na huletwa na minyoo wanaosambazwa na mbu. Hayahusiani na haya.

Kisha kuna kutoa kizazi. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Mwanamke wa miaka 38 aliyechoka kuzungushwa atakubali chochote, hata kupasuliwa. Lakini mshipa ulioharibika ni wa ovari, unaopanda hadi figoni. Ukiondoa kizazi na kuuacha, sababu umeiacha. Ukiondoa na ovari zote mbili, umemletea ukomo wa hedhi kabla ya wakati: joto la mwili, mifupa kudhoofika, moyo kukosa kinga yake. Huko Korea Kusini, Chung na Huh walichapisha mwaka 2003 utafiti wa wanawake 106 wenye ugonjwa huu ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Waliozibwa mishipa walipata nafuu kubwa kuliko waliotolewa kizazi pamoja na ovari. Utafiti ni mmoja na si mkubwa. Hata hivyo unanitosha kusema kwamba kisu kiwe cha mwisho.

Tiba, na tunavyoweza kuifikia

Ya kwanza ni dawa. Kwa kuwa estrojeni hulegeza vena, dawa zenye homoni ya projestini huipunguza nguvu. Vidonge vya medroksiprojesteroni vilifanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 1980 na maumivu yakapungua, ingawa kwa wengi yalirudi baada ya kuacha kumeza. Mwaka 2009 madaktari wa Mansoura, Misri, walichapisha jaribio dogo la wanawake 25 kwa kutumia kijiti cha etonojestreli kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Waliowekewa walipata nafuu iliyodumu mwaka mzima wa utafiti. Msomaji aone ajabu ya jambo hili: kijiti hicho ni cha uzazi wa mpango, na vituo vyetu vingi vya serikali vinacho. Wanawake wengi huogopa kwamba sindano na vijiti ndivyo vinavyovimbisha mishipa. Kwa ugonjwa huu, dawa ya projestini peke yake inaweza kuwa ndiyo nafuu. Tahadhari ni za kawaida: asiwekewe mwenye mimba, mwenye kutokwa damu kusikojulikana sababu, au aliyewahi kuugua saratani ya matiti, na anayetaka mtoto mwaka huu, hii si njia yake. Hedhi inaweza kuvurugika, naye aambiwe mapema.

Zipo pia dawa za diosmini na hesperidini, ambazo wenye maduka ya dawa huzifahamu kwa bawasiri. Huongeza mkazo wa kuta za vena, na wapo wanaopata ahueni. Kwa mjamzito au anayetafuta ujauzito, dawa za maumivu za aina ya diklofenaki zitumike kwa ushauri tu, na anayezimeza kila siku kwa miaka atalipia kwa tumbo na figo zake.

Dawa zikishindwa kwa miezi mitatu hadi sita, na picha zikithibitisha, ndipo tunafikia kuziba mshipa. Njia hii ilielezwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1993. Mgonjwa huchomwa ganzi shingoni au kwenye kinena. Katheta, mpira mwembamba kuliko mrija wa dripu, hupitishwa ndani ya vena huku daktari akiufuatilia kwenye eksirei hadi kwenye vena ya figo ya kushoto, kisha kushuka kwenye ile ya ovari. Hudungwa rangi, mgonjwa huambiwa asukume kama anayepata choo, na pale damu inaporudi nyuma huonekana wazi. Halafu mshipa huzibwa kwa povu la dawa na koili ndogo za chuma. Damu hutafuta njia kwenye vena nzima zilizobaki, na zipo nyingi. Hakuna kushonwa, wengi huondoka siku ileile au ya pili, wakiwa na maumivu na kihoma cha siku chache. Katika taarifa nyingi zilizochapishwa, wanawake kama watatu katika kila wanne hupata nafuu ya maana. Mmoja hapati, au hupata kidogo, na ni haki yake kulijua hilo kabla ya kusaini. Hatari zipo: koili kuhama hadi mapafuni, damu kuganda, mzio wa ile rangi, na mionzi ya eksirei. Si za mara kwa mara, lakini mwenye mimba hafanyiwi. Ama uzazi, ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba kuziba vena hizi humzuia mwanamke kushika mimba baadaye. Ateri inayolisha ovari haiguswi.

Je, hapa nchini inawezekana? Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa kushirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, ilianza kufundisha Watanzania tiba zinazofanywa kwa katheta chini ya picha, na mwaka uliofuata MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapohapo Muhimbili, ikafungua shahada ya fani hiyo. Kwa hiyo mikono ya kuziba mishipa tunayo. Kinachokwamisha ni vifaa vya kuagizwa, hasa koili, na umbali. Kutoka Moa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 300, na ndugu wengi wa Moa huona Mombasa iko karibu zaidi, kwa kuwa upande wa pili wa mpaka, Vanga, wana shangazi na wajomba. Sina ubaya na Mombasa. Nataka tu mtu asifunge safari ya upande wowote kabla simu haijapigwa na hospitali kuthibitisha kwamba tiba hiyo inafanyika huko wiki hiyo na vifaa vipo.

Na hapa narudi kwenye hoja niliyoanza nayo, ya kumpima akiwa amesimama, kwa sababu kazi kubwa ni yetu ya mkoani. Ningependa kwanza wakunga wapewe nafasi yao. Mkunga ndiye anayeona mishipa iliyovimba kwenye mashavu ya uke na ndani ya mapaja ya mjamzito. Leo huiona, humtuliza mama, na jambo huishia chumba cha kujifungulia. Aiandike kwenye kadi ya kliniki. Mwanamke huyo akirudi baada ya miaka mitatu na maumivu, mstari mmoja ule utamwokoa kozi nyingi za dawa.

Pili, wapiga picha wa hospitali ya wilaya na wa Bombo, hospitali yetu ya mkoa, wakubaliane namna ya kupima. Mgonjwa aje alasiri, akiwa ametoka kazini. Apimwe amelala, kisha amesimama, kisha akisukuma. Vena ya ovari ya kushoto ipimwe upana na iandikwe kwa milimita; ikifika 6 au zaidi ni ya kutiliwa shaka. Mwelekeo wa damu uandikwe pia, kwa sababu mshipa mpana unaopandisha damu si sawa na ule unaoishusha. Kipimo cha kupitia ukeni ndicho kinachoona vizuri zaidi, lakini kifanywe kwa ridhaa kamili, nyuma ya pazia, na mhudumu wa kike awepo. Pwani yetu mwanamke akivunjiwa heshima kwenye kitanda cha kipimo harudi, na mabinti zake hawaji. Kwa asiyewahi kukutana na mwanamume, kipimo cha juu ya tumbo kitumike.

Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na orodha za huduma zitaendelea kupangwa na kupanguliwa. Kuziba vena za nyonga kuwemo, na kuwekewe sharti: dawa zimejaribiwa, na kipimo cha kusimama kimefanyika. Sharti la namna hiyo litalinda fedha za mfuko na litamlinda mgonjwa dhidi ya haraka ya kumpasua.

Mwanamke mwenyewe afanye nini wakati anasubiri? Siku za bamvua agawe kazi na wenzake, akae mara kwa mara badala ya kusimama mfululizo, na akirudi ajilaze nusu saa miguu ikiwa juu kabla ya kushika moto wa jikoni. Watoto wakubwa wabebe ndoo. Akikosa hedhi na kupata maumivu makali ya ghafla, akitokwa damu ilhali hedhi ilishakoma, akipata homa, au mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, asingoje zamu ya kliniki. Aende siku hiyohiyo, kwa sababu hayo ni mambo mengine na ya hatari zaidi.

Na akipewa barua ya rufaa, aombe iandikwe haya: amezaa mara ngapi, maumivu yana muda gani, huzidi akiwa katika hali gani na hupungua katika hali gani, dawa alizokwisha kutumia na kwa muda gani, na kwamba anahitaji kupimwa vena za nyonga akiwa amesimama. Barua nyingi ninazopokea zimeandikwa “maumivu ya tumbo” tu, na mgonjwa aliyekuja nazo hulazimika kuanza upya mbele ya mtu asiyemjua.